Maswali yenu kuhusu Cranleigh, kijiji cha watu elfu kumi na moja

Cranleigh kiko Surrey, kusini mwa London, kilomita 13 hivi kutoka Guildford. Wiki hii tumekusanya maswali yenu yote yanayokihusu.

Watu zaidi ya 11,000, maduka barabara nzima, shule, hospitali. Mbona hakiitwi mji? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu hakijataka. Katika sheria ya Uingereza idadi ya watu haitoshi kukifanya kijiji kuwa mji. Fordwich, kule Kent, ina watu wasiofika 500 na ni mji, una baraza lake na meya wake. Eneo dogo kabisa la utawala vijijini ni parishi. Zamani lilikuwa eneo la kanisa moja, na mambo yote ya kijiji yaliamuliwa kwenye kikao cha kanisa. Mwaka 1894 sheria ikatenganisha mambo ya dini na ya utawala, yakaundwa mabaraza ya parishi. Sheria ya mwaka 1972 inaliruhusu baraza hilo kupitisha azimio kwamba parishi yake sasa ni mji. Azimio likipita, mwenyekiti anaitwa meya. Mamlaka yanabaki yaleyale. Ndiyo maana vijiji vingi vikubwa havioni haja.

Dai la kwamba Cranleigh ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote Uingereza halisimami mkihesabu vichwa. Cottingham, karibu na Hull, kina watu kama 17,000, na Kidlington, karibu na Oxford, nacho kinaipita Cranleigh.

Kwenye ramani ya zamani nimekuta "Cranley". Ni kijiji kingine? (Msomaji, Nairobi)

Ni kilekile. Shida ilikuwa barua. Crawley iko jirani, upande wa Sussex, na kwa mwandiko wa mkono n na w hazitofautiani sana, basi barua zikawa zinapotea njia. Katika miaka ya 1860 posta ikawashawishi wanakijiji wabadilishe mwisho wa jina uwe -leigh. Jina lenyewe ni la kale: uwazi msituni wenye ndege aina ya korongo. Ndege huyo ndiye alama ya kijiji hadi leo.

Nasikia hospitali yake ndogo ina historia kubwa. Ilifanya nini? (Muuguzi, Mombasa)

Ilileta kitanda cha hospitali kijijini, jambo ambalo kabla ya hapo maskini wa shamba hakulipata. Ili uone uzito wake, anza na ardhi. Cranleigh imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha, gari la farasi lilizama hadi kwenye ekseli, na barabara ya maana ya kwenda Guildford na Horsham ilipatikana mwaka 1818 tu. Hata ukifika Guildford, hospitali ya mkoa ilikuwa haijajengwa; ilifunguliwa 1866. Kibarua aliyevunjika mguu alitibiwa kitandani kwake, katika chumba wanacholala watoto na kupikiwa humo humo, au alisafirishwa mbali huku mfupa ukichomachoma nyama kila gari linaporuka shimo.

Daktari wa kijiji, Albert Napper, na mchungaji John Sapte waliona njia ya tatu. Mchungaji alitoa nyumba ndogo ya zamani bila kodi, na mwaka 1859 ikafunguliwa na vitanda sita. Mambo mawili yaliifanya iwe tofauti. Hospitali nyingi za hisani za wakati huo zilidai mgonjwa alete barua ya mfadhili, lakini hii ilimtaka alipe kiasi kidogo kila wiki kulingana na uwezo wake. Pia daktari wa kijiji aliendelea kumtibu mgonjwa wake mwenyewe, badala ya kumkabidhi kwa wageni. Mtindo huo ukaigwa nchi nzima. Kwetu sisi, hicho ndicho kitu kikubwa zaidi Cranleigh ilichowapa watu wengine.

Nyumba za huko zimevikwa vigae ukutani kama paa. Ni pambo tu? (Fundi, Morogoro)

Hapana, ni koti la mvua. Fundi wa Morogoro hatapata tabu kuielewa nyumba ya kale ya Surrey, maana ndani yake ni nyumba ya kukandika. Fremu ni ya mwaloni. Katika kila nafasi ya fremu husimamishwa vijiti vya mwaloni, fito zinasukwa kati yake, kisha udongo uliokandwa na samadi na majani makavu unabandikwa pande zote mbili na kupakwa chokaa. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 watu wakaanza kuzivika kuta hizo vigae vya udongo uleule wa mfinyanzi, uliochomwa. Kigae kina urefu wa sentimita 27 hivi, lakini kinachoonekana ni kama 11 tu. Sehemu iliyobaki imefunikwa na safu ya juu, hivyo kila mahali kuna unene wa vigae viwili.

Kuna makosa matatu yanayoziua nyumba hizi. La kwanza ni misumari ya chuma: hushika kutu, vigae vikaporomoka, kwa hiyo tumia ya shaba. La pili ni kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Unyevu hukosa pa kutokea, ukashuka hadi kwenye boriti ya chini na kuiozesha, rudisha chokaa. La tatu linatoka ardhini. Mfinyanzi husinyaa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zikirudi, na nyumba za zamani zina misingi mifupi mno. Siku hizi msingi kwenye udongo kama huo huchimbwa angalau mita 1, na zaidi ukiwa karibu na mwaloni. Ukiona ufa mpana juu na mwembamba chini, usikimbilie kuukata mti. Maji ambayo mti ulikuwa ukiyanywa yatabaki ardhini, udongo uvimbe na kuinyanyua nyumba. Mwite kwanza mhandisi.

Treni inafika? (Msomaji, Reading)

Haifiki tena. Reli ya Guildford hadi Horsham ilifunguliwa Oktoba 1865 na kufungwa Juni 1965. Iliuua mfereji wa mashua za mizigo uliopita jirani tangu 1816, kisha nayo ikauawa na magari. Tuta lake sasa ni njia ya miguu na baiskeli, inayofika hadi Shoreham, baharini. Kutoka Guildford panda basi.

Babu yake mume wangu alizaliwa Cranleigh. Nianzie wapi kumtafuta? (Msomaji, Leicester)

Dada, anza na sensa ya 1921, kisha rudi nyuma kila miaka kumi hadi 1841. Ya 1931 iliungua, na 1941 haikufanyika. Vizazi na vifo vya kuanzia Julai 1837 viko kwenye rejista za serikali, ambako utaagiza nakala ya cheti. Kabla ya hapo tegemea daftari za kanisa la St Nicolas, kwa kupitia kituo cha kumbukumbu za historia cha Surrey kilichoko Woking. Tafuta kwa tahajia zote mbili, Cranley na Cranleigh. Kumbuka daftari za kanisa huandika siku ya ubatizo, na mtoto angeweza kubatizwa akiwa na miaka kadhaa. Ukivuka nyuma ya 1752, mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa Februari 1719, kwa hesabu yetu, ni wa Februari 1720. Andika miaka yote miwili, 1719/20, la sivyo utampata kaka mtu akiwa mdogo kuliko mdogo wake.