Tuhame au tubadilishe kitasa? Maswali yenu ya wiki hii

Tumepanga Mbagala. Juzi usiku wamevuta laptop na simu mbili dirishani kwa mti, sisi tumelala. Mume wangu anataka tuhamie Goba, na hapa kodi tumeshalipa bado miezi minne.

Poleni sana dada. Ila huo ni wizi wa dirisha, sio wizi wa Mbagala, Goba nako watu wanavutiwa simu vilevile. Hebu piga hesabu na mzee: nyumba ya laki mbili na nusu, miezi sita ni milioni na nusu, dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, kirikuu cha kubeba vyombo, mapazia mapya maana madirisha hayalingani, hapo milioni mbili inakaribia na ile miezi minne mwenye nyumba harudishi ng'o. Sasa toa kipande tu cha hiyo hela uweke wavu wa chuma kwenye dirisha (ule wa mbu wanaukata na wembe), taa ya nje, alafu simu zisichajiwe tena pale dirishani. Hiyo ya mwisho ni bure na ndo wengi tunaikosea.

Mtasema Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu wa Dar. Sawa, 2015 jiji zima lilikimbia, 2022 wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba na mapanga, lakini wale hawakukaa kata moja, leo huku kesho kule, kwa iyo kuwakimbia kwa kubadilisha mtaa ni kubahatisha. Kilichosaidia sehemu nyingi ni watu kutoka nje kwa pamoja na filimbi zao. Kwa iyo zile buku mbili za ulinzi shirikishi tunazokwepa kila mwezi tuzilipe, mi mwenyewe nilikuwa nazikwepa.

Mkiamua kuhama kweli, msiende kuangalia nyumba saa nne asubuhi na dalali. Nendeni saa mbili usiku, nyie wenyewe, mnunue chapati hapo jirani, muulize bodaboda abiria wa usiku anawashusha wapi na wapi hapaingii. Dalali hawezi kukwambia hayo.

Nimepaua Chanika ila bado madirisha na milango. Kila wiki naibiwa, mara nondo, mara saruji. Nihamie hivyohivyo nilinde mali yangu?

Mimi nilifanya hivyo na sikushauri. Tulihamia madirisha tumeziba na maturubai, jirani wa karibu yuko mbali kiasi kwamba ukipiga kelele anadhani ni redio, mke wangu alikuwa halali hadi asikie adhana ya alfajiri. Uswahilini tunakokudharau, mtu akikohoa chumba cha pili wanasikia, ule nao ni ulinzi. Site mpya haina hiyo.

Kwa sasa usirundike vifaa. Saruji ya kazi ya kesho inunuliwe kesho, na nyaya za umeme usizipitishe kabla milango haijakaa, watazivuta zote usiku mmoja. Na huyo mlinzi uliyemuokota tu barabarani, umewahi kumpeleka kwa mjumbe akajulikana? Nyumba nyingi zinaibiwa kwa ramani iliyochorwa na mtu aliyeshinda humo ndani akifanya kazi. Ukishindwa kabisa kusubiri basi malizia chumba kimoja, mlango wa chuma, grili, uanze kulala wewe na ndugu yako wa kiume, familia ifuate baadae.

Nimeweka grili nyumba nzima na makufuli, nimemaliza?

Bado, moto ukiwaka unatokaje? Acha dirisha moja la chumbani lenye grili inayofunguka kwa ndani, funguo ikae sehemu moja ambayo hata mtoto anaijua gizani, na isifikiwe na mtu aliye nje. Zimamoto ni 114, polisi 112, waandikie ukutani.

Niko Muscat. Mama ana miaka 71, anaishi peke yake Ngamiani, Tanga. Wameruka ukuta wakabeba pampu ya maji. Nataka ahamie kwa dada yangu Dar, hataki.

Muache mama yetu. Pale ana majirani wanaojua asipofungua mlango asubuhi kuna tatizo. Dar dada yako ataenda kazini, mama atafungiwa ndani ya grili na televisheni kutwa nzima, huo ndo usalama gani? Mtafutieni mpangaji wa chumba cha uani, mwanafunzi au mwalimu, hata kwa kodi ndogo, usiku kuwe na mtu. Na ulizia nani alimfungia hiyo pampu. Kingine, hela unazotuma zisitangazwe kwa wakala mpaka foleni nzima inajua mtoto wa bibi yuko Oman.

Nilitoa ushahidi kwenye kesi ya kijana wa mtaani, ametoka, anatuma salamu kwamba atanionyesha.

Wewe hama. Wale wengine wote mwizi anatafuta vitu, huyu anakutafuta wewe, taa na wavu havitamzuia. Leo nenda kituoni uripoti vile vitisho, chukua RB (namba ya taarifa yako pale polisi), taja na waliokuletea hizo salamu. Watoto wapeleke kwa shangazi wakati unatafuta nyumba, usimtumie dalali wa hapohapo, na unapokwenda usimuage mtu. Ukifika huko badilisha kitasa siku hiyohiyo, funguo za mpangaji aliyepita hujui ziko kwa nani.