Kuzunguka Bunyonyi kwa baiskeli: acha lami, chukua mtumbwi

Ukiliangalia ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye ramani utadhani ni la kuzunguka siku moja. Urefu kama kilomita 25, upana kama 7, mtu anapima kwa kidole na kuwaahidi wenzake kwamba jioni atakuwa mjini Kabale anakula. Halizungukiki hivyo. Zamani lava ya volkano iliziba bonde upande wa Muko, maji yakajaa nyuma yake kama kwenye bwawa, yakaingia kila kibonde cha pembeni. Matokeo yake ukingo wote ni ghuba ndefu nyembamba. Unamwona mama ng'ambo akipalilia viazi, hata kikohozi chake unakisikia, lakini kumfikia kwa baiskeli ni kupanda, kushuka na kupanda tena.

Kwa hiyo wanaoniuliza njia ya kuzunguka ziwa bila kukutana na magari nawajibu hivi: njia zipo, tena nzuri, ila usitafute duara. Endesha kipande, vuka kwa mtumbwi, endesha kipande kingine.

Kwanza jua magari yako wapi. Barabara ya Kabale hadi Katuna ina malori ya mpakani, achana nayo. Ya Kabale hadi Kisoro ni lami, ina kona kali, na mabasi hayana subira. Kutoka Kabale hadi Rutinda, kwenye gati ya mitumbwi, ni kifupi, hakifiki kilomita 10, lakini kina boda na magari ya watalii, na mlima wa kukutoa jasho kabla hata hujaona maji. Kipande hiki kiendeshe alfajiri, kabla ya saa mbili asubuhi. Ukifika juu utaona lile ziwa na matuta yake lililokuwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 5,000. Simama, pumzika, kisha angalia breki zako, maana mteremko unaofuata hauna mzaha.

Rutinda ndipo raha inapoanzia. Jumatatu na Ijumaa kuna soko, mitumbwi inamiminika kutoka kila upande na mtama, kabichi na viazi. Kama unataka utulivu epuka siku hizo. Kama unataka kupata mtumbwi wa kurudi upande wa magharibi kwa bei ya kirafiki, nenda siku hizohizo, mchana, watu wanaporudi makwao.

Mtumbwi wa huku huchongwa kutoka kwenye gogo moja la mkaratusi. Ni mwembamba, na hausamehi mtu asiyetulia. Namna ya kuipakia baiskeli: vua gurudumu la mbele, ilaze kwa ubavu wa kushoto ili mnyororo uwe juu, usukani uelekee mbele, na kanyagio la chini liegemee kitambaa lisichubue mbao. Mizigo ifunguliwe kutoka kwenye keria iwekwe peke yake. Usiifunge kwenye baiskeli hata kama mwenye mtumbwi anasema hakuna shida. Mtumbwi ukipinduka, furushi lililofungwa kwenye chuma huzama pamoja na chuma. Vaa jaketi la kuokolea. Vuka asubuhi, wakati maji yametulia, kwani mchana upepo huamka. Na usijipe kazi ya kupiga kasia mwenyewe. Mgeni akilishika, mtumbwi unajizungusha palepale huku watoto ufukweni wakivunjika mbavu.

Mzee aliyezoea kunivusha aliwahi kuwa jeshini, Kiswahili chake cha kambini ni cha amri tupu: "Kaa chini! Usitikise!" Namtii. Bei tunapatana kabla ya kupanda, tena tunataja na baiskeli, isije ikageuka abiria wa pili katikati ya maji.

Ng'ambo, upande wa Bufundi, kuna njia za miguu na za udongo zinazopita ubavuni mwa vilima kati ya matuta. Hapa gari ni habari ya kusimuliana. Utakutana na mbuzi, wanafunzi, na vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya viazi. Hao wapishe wewe, hata kama wewe ndiye unayepanda. Mzigo ule ukishasimama kuusogeza tena ni kazi. Kanuni yangu ni kushika njia ya ubavuni, si ya kileleni. Ya kileleni ina mandhari, sikatai, lakini inakupandisha kila kilima mpaka magoti yalalamike, nayo ya ubavuni inazunguka polepole na bado unaona visiwa. Viko 29. Bwama, alikoanzisha makao ya wagonjwa wa ukoma daktari mmisionari Leonard Sharp mwaka 1931, utakiona vizuri tu kutoka juu ya njia.

Ukiuliza umbali, usiulize kilomita. Uliza mtu anatembea saa ngapi. Utaambiwa "hapo tu", na "hapo" ya mkulima wa huku Kigezi ni kilima kizima. Salimia kwanza, "Agandi?", halafu ndipo uulize.

Wenye nguvu za ziada wanaweza kupanda hadi msitu wa Echuya, wenye mianzi, na ndani yake kinamasi cha Muchuya kilicho juu ya mita 2,000. Ukungu wake wa asubuhi ni baridi hasa. Beba sweta, na glavu si anasa. Ila ingia na mtu wa msituni anayejua njia, huo ni msitu wa hifadhi.

Kuhusu baiskeli yenyewe, sina habari na chuma cha bei mbaya. Nataka giya ndogo ya kupandia, breki mbili zinazoshika, na tairi pana. La maana kuliko yote ni tyubu: mafundi wa vijijini wana za inchi 28 za baiskeli za Kihindi na za inchi 26. Ukija na saizi ya ajabu, beba zako mwenyewe. Valvu ziwe zile nene kama za gari, hata pampu ya gari itazijaza. Kiraka hukatwa kutoka tyubu kuukuu, kinabandikwa kwa solusheni na kukandamizwa, na mara nyingi kinadumu kuliko cha dukani.

Msimu ni Juni hadi Agosti, au Januari na Februari. Machi hadi Mei usijaribu njia za udongo. Mfinyanzi wa huku unajaa kwenye matagadi mpaka gurudumu linagoma, na utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Njiani kula viazi na maharage, kunywa bushera, kinywaji cha mtama, na ukipata kamba wa ziwani usiwaache.

Kurudi Kampala, mabasi ya Kabale huchukua baiskeli kwenye buti. Nauli yake ipatane na kondakta kabla haijapandishwa, geuza usukani ulale sambamba na gurudumu, na usiondoke pale hadi uone buti limefungwa.