Mwizi wetu kaiba pete, mchawi anataka kumchoma: nirushe dadu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naendesha Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa hadithi ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu huamua yasiyo na uhakika. Ni meza ya wachezaji wanne, wahusika wote wako levo (ngazi ya uwezo) ya 5. Jumamosi iliyopita usiku ulipoingia kambini, mwizi aliichomoa pete ya thamani kwenye mkoba wa mchawi aliyekuwa amelala. Nilimwacha arushe dadu, akafaulu. Asubuhi mchawi akagundua, akasema anamtupia uchawi wa mpira wa moto hapohapo. Mwizi akadakia kwamba anarusha dadu la ushawishi ili mchawi aamini pete ilidondoka njiani. Meza ikapoa, nikasimamisha mchezo. Kisheria nani anaanza? Na dadu la ushawishi linafanya kazi kwa mhusika wa mchezaji mwenzako? (Msimamizi mgeni, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kusimamisha ulifanya vyema sana. Nianze na sheria, maana ndiyo uliyouliza.

Mtu akishatamka kwamba anashambulia, kila mmoja anarusha dadu la pande 20 la kupanga zamu kabla pigo la kwanza halijatoka. Kuwahi kusema "namchoma" mezani hakumpi mtu zamu ya kwanza. Mwizi alikuwa macho, anamtazama mchawi usoni, kwa hiyo hakushtukizwa. Zamu yake ikitangulia, ana haki ya kukimbia au hata kuchomoa kisu.

Kuhusu ushawishi, mezani kwangu jibu ni hapana. Mlinzi wa lango au muuza farasi wa kwenye hadithi hana mchezaji wa kumwigiza zaidi yako wewe msimamizi, ndiyo maana dadu linakusaidia kuamua amefikiri nini. Mchawi ana mchezaji wake, amekaa pale na akili zake timamu. Mwizi aseme uongo wake kwa mdomo, na mwenye mchawi aamue kama mhusika wake ameumeza.

Sasa hesabu, ambayo wasimamizi wengi huijua baada ya maafa. Sheria za mapigano za mchezo huu zimepimwa kwa kundi linalomkabili adui wa pamoja. Wahusika wamepewa nguvu kubwa ya kupiga kuliko ya kuhimili mapigo ya wenzao. Chukua mchawi wa levo ya 5 mwenye ustahimilivu wa 14: kwa hesabu ya wastani ana pointi 32 za uhai, na zikifika sifuri anaanguka. Mpiganaji wa levo hiyohiyo mwenye upanga mkubwa na nguvu za 18 anaweza, mara moja kabla ya kupumzika, kupiga mapigo manne katika zamu moja, na kila pigo wastani wake ni 11. Yakitua matatu tu ni 33. Mchawi kalala chini hajafungua mdomo. Geuza sasa, mchawi awe ametangulia: anatumia afsuni ya kumgandisha mtu, na ikiwa akili yake ni 18, mpiganaji anahitaji kurusha dadu na kufikisha 15 ili ajinusuru. Kama anaongezewa 1 tu, katika nyuso 20 za dadu ni saba peke yake zinazomwokoa. Akiganda, kila pigo litakalompata kutoka karibu linahesabiwa kuwa la hatari zaidi. Kwa hiyo mshindi amepatikana kwenye dadu la kupanga zamu, na aliyeshindwa hakupata hata nafasi ya kucheza. Huo mpira wa moto nao hulipuka futi 20 kila upande. Asipokuwa mchawi aliyesomea ulipuaji, au asipoupeleka mbali kidogo, atawachoma na wale wawili ambao pete hawajaiona.

Lakini rafiki yangu, pambano lenu halikuanza asubuhi. Pigo la kwanza lilipigwa usiku, pale ulipomwacha mwizi arushe dadu, na mwenye mchawi hukumwuliza neno. Alikaa anatazama mali ya mhusika wake ikiondoka, hana cha kurusha wala cha kusema. Mpira wa moto ndiyo nafasi ya kwanza aliyopata ya kujibu, na ndiyo maana jibu lilikuja kubwa vile.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Meza ilikuwa na miezi minane, nikaruhusu mhusika mmoja amuue mwenzake usingizini. Kila dadu lilirushwa wazi, kila sheria ilifuatwa. Yule dada aliyeuliwa mhusika aliikunja mara nne karatasi yenye maelezo ya mhusika huyo, akaisukuma ndani ya kava la simu, akatuaga kwa heshima. Hakurudi, na wiki tatu baadaye meza ikafa. Tangu hapo nina kanuni moja, nayo si ya kubuni kwangu, wasimamizi wengi wanaitumia: anayetendewa ndiye anayeamua. Mchezaji akitaka kumtenda mhusika wa mwenzake, anasema nia yake, kisha namgeukia mwenye mhusika. Yeye anachagua: tendo lifaulu, lishindwe, dadu liamue, au lisitokee kabisa. Watu hudhani kanuni hii itaua ugomvi wote. Nimeona kinyume chake: mtu akishajua mhusika wake yuko mikononi mwake, mara nyingi ndiye anayesema "sawa, aibe, twende".

Ugomvi wa wahusika wenyewe si dhambi. Mwaka 1969 David Wesely wa Minnesota aliandaa mchezo wa vita uliowapa wachezaji watu wa mji mmoja, Braunstein, kila mtu na shabaha yake. Wawili wakamjia wakitaka kupigana wao kwa wao, jambo ambalo hakuliandalia sheria, akabuni papo hapo. Dave Arneson alitoka kwenye kundi hilohilo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Ipo pia michezo iliyojengwa kwa ajili ya usaliti. Paranoia ya mwaka 1984 inampa kila mhusika nakala sita za mwili wake, kwa hiyo ukipigwa risasi na mwenzako, nakala inayofuata inaingia na kicheko kinaendelea. Apocalypse World ya mwaka 2010 inaruhusu kumshawishi mhusika wa mwenzako, ila dadu halimlazimishi: akikubali anapata alama ya uzoefu, akikataa huenda ikambidi arushe dadu kwanza ndipo aendelee na lake. Uamuzi unabaki kwake. Mchezo unaouendesha wewe hauna nakala sita, na karatasi moja watu hubeba mwaka mzima.

Jumamosi ijayo zungumza na hao wawili kabla dadu halijatoka mfukoni. Mwenye mwizi akikuambia "ndivyo mhusika wangu alivyo", mkumbushe kwa upole kwamba mhusika huyo aliandikwa naye, na anaweza kumwandikia sababu ya kutowaibia watu wanaomlinda akilala. Wote wawili wakitaka wapigane kwa moyo mweupe, waache. Wakubaliane kabisa pambano linaishia wapi, na silaha ziwe za mkononi, kwa sababu pigo la karibu linalomfikisha mtu sifuri linaruhusiwa kumzimisha tu bila kumuua. Mpira wa moto hauna huruma hiyo.

Kisha rudi nyuma mpaka usiku ule wa kambini. Msimamizi anaruhusiwa kurudi nyuma, usione haya. Mwambie mwenye mchawi: "Mwizi anaingiza mkono kwenye mkoba wako. Inakuwaje?" Akisema mhusika wake ameamka, basi ameamka. Akisema pete iende, mwulize anataka agundue lini.