Jibu: Ncha ya niobiamu hupimaje spini za elektroni?

Waalaykum salaam, mwalimu wangu wa Wete. Umeuliza vipi ncha ya supakondakta, ambayo yenyewe si sumaku, inaweza kutueleza habari za spini (tabia inayoifanya kila elektroni iwe kama kisumaku kidogo chenye kuelekea upande mmoja au wa pili) ndani ya metali yenye usumaku.

Ncha hiyo hugusishwa na metali inayopimwa, na umeme hupitishwa kwenye mguso huo. Siri imo kwenye jozi. Ndani ya niobiamu iliyopozwa chini ya kelvini 9.2, ambapo ukinzani wa umeme hutoweka na metali hii huwa supakondakta, elektroni hukaa mbili mbili zenye spini zinazopingana, na kwa volteji ndogo elektroni iliyo peke yake haipokelewi. Chukulia duka la viatu pale Darajani linalonunua jozi tu: ukipeleka kapu la viatu vya kushoto vitupu, utarudi nalo nyumbani. Kwa shaba, yenye kushoto na kulia sawasawa, kila elektroni hupata mwenzake, na mguso ukiwa safi upitishaji wa umeme hukaribia maradufu. Kwa kromiamu dioksidi, ambayo spini zake karibu zote zimeelekea upande mmoja, upitishaji huo karibu hukatika. Vipimo vya namna hii vilivyochapishwa Marekani mwaka 1998 viliipa kromiamu dioksidi takriban asilimia 90 (100 ni spini zote upande mmoja, sifuri ni sawa kwa sawa), ilhali chuma na kobalti zilipata 40 na ushei.

Binafsi nisingeiamini namba moja iliyopatikana kwa mguso mmoja, kwani uchafu kwenye mguso (kutu, kwa mfano) huwa kizuizi na hupunguza kiwango kinachoonekana. Ndiyo maana hupimwa miguso mingi yenye vizuizi tofauti, kisha hukadiriwa thamani pale ambapo kizuizi kingekuwa sifuri.