Kagongwa kichwa, anasema yuko sawa

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, anacheza raga. Jumamosi aligongana kichwa na mwenzake, akakaa chini kidogo, akainuka na kumaliza mechi. Hakuzimia. Usiku kichwa kikamuuma na taa zikamkera. Hospitali walimpiga picha ya CT, wakasema ni safi. Kocha anataka kumpanga Jumamosi ijayo. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, mama. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii, na CT hutafuta damu iliyovuja au mfupa uliovunjika. Mtikisiko huvuruga utendaji wa seli, jambo ambalo picha hiyo haioneshi. Hata kumaliza ile mechi lilikuwa kosa. Anayeshukiwa tu hutolewa na harudi siku hiyo, hata aape yuko sawa. Anayeulizwa hapo ni ubongo uleule ulioumia.

Siku mbili za kwanza apunguze simu na televisheni, ila asifungiwe kwenye chumba chenye giza. Kutembea taratibu kunamfaa. Akitaka kulala, alale. Maadamu amepimwa na hana dalili za hatari, kumchungulia usiku wa kwanza kunatosha.

Baadaye apande ngazi moja moja, kila moja isipungue saa 24: kutembea au baiskeli ya mazoezi, kisha kukimbia peke yake na kubadili mwelekeo, kisha mazoezi ya mpira yasiyo na kugusana. Mwambie ayape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Akianza zoezi jepesi na 2, yakafika 4 na kutulia kabla ya saa moja, si neno. Yakifika 5, aache, ajaribu kesho. Lakini mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa yasubiri dalili ziishe kabisa, na ya kukabana yasubiri pia kibali cha daktari. Mechi ndiyo ya mwisho.

Shule itangulie. Aanze hata kwa nusu siku, na asirudi kukabana kabla hajamudu masomo ya siku nzima. Watoto wengi huchukua hadi wiki 4. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ridhaa hauruhusu mechi kabla ya siku ya 21, nasi tunaona hiyo ni busara.

SWALI: Mimi ni kocha wa vijana. Mchezaji akianguka, nianzie wapi? Na kofia laini zinasaidia?

JIBU: Anzia shingoni, kocha. Kama shingo inamuuma, ganzi imemshika mikononi au hajazinduka, asiinuliwe wala kuvuliwa kofia na asiyefunzwa. Hakikisha tu anapumua, na ita gari la wagonjwa. Liite pia akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akiona vitu viwili viwili, akizidi kuchanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma.

Akiwa macho, muulize: tuko uwanja gani? Nani kafunga mara ya mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Akikosea hata moja, mtoe. Akijibu zote lakini anapepesuka au ana macho ya kuduwaa, mtoe vilevile, na asiachwe peke yake wala asiendeshe baiskeli kurudi nyumbani.

Kofia laini huzuia michubuko na majeraha ya ngozi. Ubongo huendelea kuyumba ndani ya fuvu, kofia iwepo isiwepo.