Maswali Yenu: Mbunge mpya, kiapo na siku 30 za mwanzo

Swali: Ndugu Mhariri, Bunge jipya la Tanzania linapokutana, wabunge humchagua Spika kabla hawajaapa. Ni halali?

Jibu: Ni halali. Ibara ya 68 ya Katiba inamzuia mbunge kushiriki shughuli za Bunge kabla ya kiapo cha uaminifu, lakini inaruhusu uchaguzi wa Spika. Sababu yake iko wazi: anayewaapisha ni Spika, na bila yeye hakuna wa kuwaapisha. Kwa hiyo pale Dodoma linasomwa kwanza tangazo la Rais la kuitisha Bunge, inapigwa kura, Spika anaapa, ndipo wabunge wanaitwa mmoja mmoja, Biblia au Msahafu mkononi. Shughuli hiyo huweza kuvuka hadi siku ya pili.

Swali: Mbunge wa kuteuliwa na Rais ana haki sawa na wa jimbo?

Jibu: Akishaapa, anauliza, anachangia na kupiga kura kama mwingine yeyote. Ila hawezi kuwa Waziri Mkuu; huyo lazima atoke jimboni. Rais huteua wasiozidi 10, angalau 5 wakiwa wanawake. Nafasi hizi zina uzito, kwa kuwa mawaziri wote lazima wawe wabunge: ndizo zinazompa Rais njia ya kumwita mtu ambaye hakugombea. Machi 2021 Balozi Liberata Mulamula aliteuliwa mbunge na papo hapo Waziri wa Mambo ya Nje.

Swali: Mbunge mpya ajihadhari na nini mapema?

Jibu: Tamko la mali, kabla ya yote. Anampelekea Spika nakala mbili, mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa, ndani ya siku 30 baada ya kiapo (si baada ya kutangazwa mshindi), kisha kila mwaka. Akishindwa kulitoa kwa wakati, Ibara ya 71 inamvua ubunge. Aanze kukusanya hati za viwanja, kadi za magari na taarifa za benki kabla hajasafiri. Za mwenzi ndizo husahaulika.

Utoro nao hupoteza kiti: mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Wengi huchanganya mkutano na kikao. Kikao ni cha siku moja. Mkutano ni vikao vingi, kama ule wa bajeti unaoanza Aprili hadi Juni. Ruhusa iombwe kwa barua, na nakala aitunze.