Udongo wenye TNT: baa 150 za mashine ya kuoshea hazisafishi kitu

SWALI: Kiwanja chetu zamani kilitumika kuoshea makombora. Udongo umepimwa ukakutwa na vilipuzi viwili, TNT na RDX. Fundi anasema atausafisha kwa mashine ya maji ya moto yenye presha ya baa 150 (baa ni kipimo cha presha). Je, zinatosha?

JIBU: Msimamisheni kabla hajawasha mashine. Swali la baa huja kila mara, na kila mara limeshika mkia badala ya kichwa. Kinachovunja kilipuzi ni joto. Presha ina kazi moja tu, kuyazuia maji yasigeuke mvuke: kwa nyuzi 200 za Selsiasi baa 16 hivi zinatosha, kwa nyuzi 250 baa 40. Katika joto hilo maji huyeyusha vitu vya kikaboni karibu kama alkoholi, na TNT na RDX huvunjikavunjika humo humo. Lakini ni ndani ya chombo kilichofungwa. Maji yakishatoka kwenye mdomo wa mpira wa mashine, presha imekwisha na joto haliwezi kuzidi nyuzi 100.

Basi maji ya fundi yatafanya nini? TNT huyeyuka kwenye nyuzi 80. Itasombwa kwenda chini kuelekea maji ya kisima, na kila yanapopoa itaganda tena kuwa fuwele: kwenye mpira, kwenye pampu, kwenye shimo la maji machafu. Sumu iliyokuwa imetawanyika sasa ni kilipuzi kilichokusanyika, na mtu atakuja kukikwangua kwa koleo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa mabomu mazima na vipande vyake. Sampuli moja haifai, maana TNT hukaa kwa mabonge. Changanyeni vijisehemu 30 au zaidi kutoka eneo zima. Udongo wenye vilipuzi asilimia 10 au zaidi kwa uzito unaweza kulipuka, hivyo hauguswi na mashine yoyote mpaka wataalamu wa vilipuzi waushughulikie.

Udongo mwingine ndio huingia na maji katika kile chombo kilichofungwa. Chombo kisijazwe pomoni. Maji ya nyuzi 250 hutanuka kwa takriban robo, na yakikosa nafasi hupasua chuma. Vilipuzi vinavyovunjika hutoa gesi pia, kwa hiyo presha hupanda kupita ile ya mvuke peke yake. Valvu ya usalama ni lazima. Msikifungue kabla hakijapoa.

Kisha pimeni udongo na maji, vyote viwili, mkitafuta TNT, RDX, mabaki ya TNT yenye amino (TNT iliyobadilika bila kuvunjika kabisa), na nitrati. Metali za risasi na zebaki kutoka kwenye viwashio vya makombora hazivunjiki kwa joto lolote. Anayewaahidi udongo safi bila karatasi ya maabara ya kabla na baada, msimlipe.